Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Mizani ya Sauti katika Muziki Uliorekodiwa

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa kawaida methali hii husemwa kumsuta mtu mwenye choyo, lakini katika chumba cha kurekodia muziki haina haja ya kufumbuliwa. Mpiga gitaa la solo huona kwamba gitaa lake halisikiki. Mpiga besi hudai kwamba bila yeye hakuna wimbo. Mpuliza tarumbeta hajapata kuridhika tangu siku alipoishika ala yake. Mwimbaji naye, ambaye sura yake ndiyo itakayochapwa juu ya jalada, huamini kwamba wote hao wamekuja kumsindikiza. Kati yao huketi mtu mmoja ambaye jina lake ni nadra kutajwa redioni, naye ni fundi mitambo. Mkono wake ndio unaoamua ngozi ya ngoma ivutwe upande gani.

Katika makala hii tunakusudia kuijadili kazi ya mkono huo, yaani kazi ya kuchanganya sauti za muziki unaorekodiwa. Watu wengi huihesabu kuwa ni shughuli ya nyaya na vitufe, wakaiweka mbali na mazungumzo ya utamaduni. Sisi tunaona kinyume chake. Nyimbo zetu nyingi hazikuandikwa kwa nota. Zimehifadhiwa katika vichwa vya watu, na baadaye katika santuri na tepu. Kwa hiyo yule anayeamua kipi kisikike katika tepu ndiye mwandishi wa kumbukumbu. Hoja yetu ni hii: mizani ya sauti si usawa wa sauti. Ni uamuzi kuhusu nani anasema, nani anaitikia, na kwa wakati gani. Uamuzi huo ukifanywa na sikio lisiloujua wimbo wetu, maneno hupotea. Na wimbo wa Kiswahili uliopotewa na maneno ni nazi iliyokwisha kukunwa, kilichobaki ni kifuu.

Neno mizani si geni kwa watunzi wa mashairi. Katika shairi la tarbia tulilolizoea, mshororo huwa na mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Hesabu ni sawasawa, lakini hakuna mghani anayezitamka silabi zote 16 kwa nguvu moja. Vina vina mvuto wake, kituo kina pumzi yake, na neno lenye uchungu huomba taratibu ambayo neno la mzaha halina haja nayo. Anayeghani kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho ni sawa na karani anayehesabu magunia ghalani: hesabu yake ni sahihi, ila hakuna atakayelia wala kucheka. Hali ni hiyo hiyo katika muziki. Fundi anayezipandisha ala zote zifike kimo kimoja, akaamini kuwa ametenda haki, hakufanya mizani. Amepanga foleni.

Yafaa tutazame kidogo jinsi kazi hii ilivyokuwa kabla ya kufika ilipo leo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari pamoja na wenzake kwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo zake katika santuri. Maikrofoni ya umeme ilikuwa imeingia katika kazi ya kurekodi mwaka 1925 tu. Siku hizo sauti ilichorwa katika nta, na kilichokwisha kuchorwa hakikuwa na marekebisho. Mizani ilitafutwa kwa miguu: mwenye sauti nyembamba alisogea karibu, mwenye ala ya kishindo alirudi nyuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili tepu ikashika nafasi ya nta, na katika miaka ya 1960 na 1970 studio kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa zikirekodi kila ala katika njia yake peke yake, ili mchanganyo ufanywe siku nyingine, wapigaji wakiwa wamekwisha kwenda zao. Hapo ndipo fundi alipopata mamlaka ambayo hapo awali yalikuwa ya kundi zima. Zamani kundi lilikubaliana kwanza ndipo likarekodi. Sasa hurekodi kwanza, na makubaliano akaachiwa mtu mmoja.

Hapa nchini, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa kwa miaka mingi mahali pakuu pa kurekodia muziki wa dansi na wa taarab. Bendi ilipiga pamoja chumbani, na sauti zikachanganywa papo hapo wimbo ukiendelea. Kwa kuwa hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na waliotaka santuri iliwabidi kuitegemea Nairobi, tepu hizo za redio zimekuwa ndiyo maktaba yetu. Ndani yake zimo NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, pamoja na nyingine nyingi.

Vijana wanaozisikiliza tepu hizo leo husema kwamba zina upungufu: besi ni hafifu, na sahani za dramu hazing'ari. Hukumu hiyo haikuzingatia zilikokuwa zikienda. Redio ya masafa ya kati kwa kawaida haipitishi vizuri sauti nyembamba zinazozidi mitetemo 4,500 hivi kwa sekunde, ijapokuwa sikio la kijana hufika hadi 20,000. Spika ndogo ya redio ya betri nayo haina kifua cha kutoa mvumo mzito. Uwanja uliobakia ni wa katikati, na katikati ndipo panapokaa sauti ya mwanadamu na magitaa. Mchanganyo unaotegemea mvumo na mng'ao ungelifika kijijini ukiwa mifupa mitupu. Ule uliojengwa katikati ulifika na nyama yake: mtu aliyekaa barazani, redio ikiwa dirishani, alisikia hadithi ya wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo funzo la kwanza ni kwamba mizani haipimwi hewani. Hupimwa mahali msikilizaji alipo. Ambaye leo huchanganya wimbo kwa spika za thamani kubwa, na asiusikilize hata mara moja kwa simu ya mkononi au kwa redio ya daladala, amemshonea mtu nguo pasipo kumpima.

Sasa na tuingie ndani ya mchanganyo wenyewe. Jambo la kwanza ni ukubwa wa sauti. Kwa wasikilizaji walio wengi, kuongezwa desibeli 10 huonekana kana kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, na tofauti ya desibeli moja ni karibu na mwisho wa uwezo wa sikio kutambua. Lakini sikio lenyewe si mizani ya dukani. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwa vipimo kwamba muziki ukipunguzwa sauti, sikio huzipoteza sauti nzito upesi kuliko zile za katikati. Kwa ajili hiyo fundi anayefanya kazi huku spika zinanguruma hudanganywa: hudhani besi imetosha, kisha mtu akiusikiliza wimbo huo nyumbani kwa sauti ya adabu, besi haipo. Dawa yake haina gharama. Mchanganyo upimwe pia kwa kimo cha mazungumzo ya watu wawili. Neno lisilosikika hapo halitasikika nyumbani.

Jambo la pili ni uzito na wembamba. Ala mbili zikikaa katika eneo moja la mitetemo hufunikana, na sauti nzito ni hodari zaidi wa kuifunika nyembamba kuliko nyembamba kuifunika nzito. Hapa Kiswahili kina hatari yake. Chukua maneno matatu: paa, taa, kaa. Irabu ni zile zile. Kinachoyatenga ni mpasuko mfupi wa konsonanti ya mwanzo, na alama za mpasuko huo zimo kwa sehemu kubwa katika sauti nyembamba, mitetemo 2,000 na kuendelea. Huko huko ndiko magitaa hukata na ndiko sahani za dramu hupiga kelele. Gitaa la rithimu likilizwa kwa ukali mahali hapo, msikilizaji hubaki na irabu tupu: hajui kama mpenzi wa mwimbaji amewasha taa, amepanda paa au ametia kaa jikoni. Fundi asiyejua kazi humpandisha mwimbaji. Mpiga gitaa akilalamika naye hupandishwa. Na wimbo wote ukawa mashindano ya kupiga kelele. Fundi hodari hupunguza kabla ya kuongeza. Huliondolea gitaa kiasi kidogo katika eneo lile ambalo neno linalihitaji, akaliacha na eneo lake lingine ambalo halina mshindani. Gitaa halikupoteza kitu ambacho msikilizaji atakidai, nalo neno limepata mlango wa kupitia.

Jambo la tatu ni nafasi. Katika muziki wa stirio fundi anaweza kuiweka ala kushoto, kulia au katikati, na kwa kutumia mwangwi akaisogeza mbele au nyuma. Magitaa ya dansi, ambayo husukwa kama ukili, hufaidika sana na jambo hili: solo upande mmoja na rithimu upande wa pili, kila uzi ukaonekana. Hata hivyo wasikilizaji wetu wengi husikiliza kwa spika moja, na pande mbili zikirudishwa kuwa moja, kufunikana kule kulikofichwa hurejea. Kwa sababu hiyo inafaa mizani itafutwe kwanza katika spika moja, kisha ndipo ala zitandazwe. Mwangwi nao ni chumvi. Ukizidi, silabi ya kwanza huwa bado inazunguka chumbani wakati ya tatu inatamkwa.

Lakini yote hayo, ukubwa, uzito na nafasi, ni vyombo tu. Swali linalotuhusu sisi wapenzi wa utamaduni ni swali la wakati: nani anasema sasa? Wimbo wa dansi wa Tanzania kwa desturi una sehemu mbili. Katika ya kwanza kisa husimuliwa, beti kwa beti; katika ya pili mwendo huchangamka, magitaa na matarumbeta hutawala, na sauti za watu huwa vipande vya kiitikio. Huenda msomaji akasema kwamba dansi ni ya kuchezwa, si ya kusomwa. Ni kweli, na sehemu ya pili ilitungwa kwa ajili hiyo hasa. Lakini wachezaji hukubali kungoja katika sehemu ya kwanza kwa sababu wana jambo la kusikiliza. Mchanganyo uliowekwa mara moja na kuachwa vivyo hivyo hadi mwisho huzikosea sehemu zote mbili: hadithi hubanwa na ala, kisha ala zinapopewa zamu yao huwa hazina pa kupanda.

Hata ndani ya ubeti mmoja iko zamu. Mtunzi ametaabika kutafuta kina. Silabi ya mwisho ya mshororo ndiyo anayoitupa mbele za watu. Saksafoni ikiingia juu ya silabi hiyo kwa nguvu zake zote, kina kimeuawa mlangoni. Ikingoja nusu ya pumzi, kina hutua, nayo saksafoni huitikia. Sikiliza jinsi Mbaraka Mwinshehe alivyozoea kufanya, yeye ambaye aliimba na pia kupiga gitaa la solo: mtu mmoja alikuwa na sauti mbili, ya koo na ya nyuzi, nazo hazikuwahi kugombania kiti. Koo likinyamaza, nyuzi zilisema. Fundi hana budi kuisikia adabu hiyo na kuifuata kwa mkono wake.

Taarab inatufundisha adabu ya namna nyingine. Katika vikundi vikubwa vya Unguja, ambako Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, fidla mara nyingi hufuata njia ile ile ya mwimbaji, kila moja na mapambo yake. Hapa kuna kutembea pamoja, wala hakuna kusubiriana. Fundi aliyelelewa na dansi anaweza kuona kuwa fidla zinamfunika mwimbaji, akazishusha mpaka zikawa uvumi wa mbali. Huko ni kumvua bibi arusi mapambo yake kwa hoja kwamba yanauficha uso. Linalotakiwa ni fidla zisikike nyuma ya bega la mwimbaji, karibu kiasi cha kumgusa, na katika vipande vya ala vilivyo kati ya beti zipewe uwanja wote. Kadhalika udi na ganuni: ncha zao ndogo za mdundo ndizo zinazompa mwimbaji mahali pa kukanyaga.

Mfano wa mwisho tunauchukua bara. Ilimba ya Wagogo haikutengenezwa itoe sauti safi kama kengele. Sanduku lake huwekewa utando mwembamba juu ya tundu ili kila sauti iambatane na mvumo. Kwa sikio lililofunzwa mbali, mvumo huo ni kasoro ya mtambo. Huondolewa kama vumbi. Lakini fundi wa Kigogo aliutia kwa makusudi, na pasipo huo ilimba si ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ala hiyo mpaka katika studio za Uingereza, na waliomsikiliza walijifunza kwamba mvumo ule ni sehemu ya usemi. Ndiyo maana tunasema mizani ni tendo la utamaduni. Kabla ya kuamua kipi kiwe kikubwa na kipi kiwe kidogo, mtu huwa amekwisha kuamua kipi ni muziki na kipi ni takataka.

Katika miaka ya karibuni umezuka ugonjwa ambao hauhusu nchi moja. Ni ugonjwa wa kubana sauti. Vilele vya muziki hukatwa, kisha wimbo mzima ukainuliwa mpaka ukagusa dari, ili ukipigwa baada ya wimbo wa mwingine uonekane una nguvu zaidi. Mnong'ono na ukelele vikawa kimo kimoja. Nyimbo nyingi za vijana wetu wa Bongo Fleva, baadhi yao wakiwa watunzi hodari wa maneno, zimeharibiwa hivyo: dramu ya kompyuta hupiga mlango bila kupumzika, na mwimbaji aliyebanwa pamoja nayo hawezi tena kusogea karibu na msikilizaji wala kurudi nyuma. Wahenga walikwisha kusema, ngoma ivumayo haidumu. Zaidi ya hayo, faida iliyotafutwa haipo tena kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa pendekezo la kuupima wimbo kwa wastani wa ukubwa wake badala ya vilele vyake, na huduma nyingi za muziki wa mtandaoni nazo husawazisha ukubwa wa nyimbo kwa njia ya namna hiyo. Wimbo uliobanwa hushushwa hadi ulingane na wenzake. Ubanaji hubaki, ubabe ukaondoka.

Hatuwalaumu vijana kwa kupenda besi. Ngoma zetu nyingi zina sauti nzito inayosikika kifuani kabla ya kufika masikioni, na ni haki muziki wa leo uupate uzito ambao redio za zamani hazikuweza kuubeba. Tunachosema ni kwamba hata mganda na msewe vina zamu. Ngoma kubwa haipigi kila pigo. Ukimya wake ndio unaoipa ukubwa.

Limebaki suala zito la tepu za zamani, ambazo sasa urithi wake uko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Kompyuta ya leo inaweza kuzitenga sauti zilizochanganywa miaka mingi iliyopita. Mwaka 2023 ulitolewa wimbo wa The Beatles uitwao Now and Then, ambamo sauti ya marehemu John Lennon ilitengwa na piano iliyokuwa nayo katika tepu moja ya nyumbani. Si ajabu basi kwamba wengine watatamani kuzipasua tepu zetu, waipandishe besi, wasafishe, wachanganye upya. Maoni yetu ni kwamba jambo hilo lisikatazwe, ila liwe na mipaka. Tepu ya asili inakiliwe kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, na nakala hiyo iwekwe pasipoguswa. Anayetengeneza mchanganyo mpya aseme wazi kwamba ni mpya, na aandike alichokibadili. Hati ya zamani haisahihishwi kwa kalamu juu ya wino wa mwenyewe; sahihisho huandikwa pembeni, likatiwa jina na tarehe. Mchanganyo wa kale ni ushahidi wa jinsi kizazi kile kilivyosikia: kiliweka nini mbele na kiliona nini ni cha nyuma. Tukiufuta ushahidi huo kwa nia njema, wajukuu watadhani kwamba babu zao walisikia kama wao.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, jina la fundi aliyechanganya sauti litajwe pamoja na ya mtunzi na mwimbaji, maana anayestahili lawama astahili na sifa. Pili, vyuo vyetu vya sanaa, Bagamoyo na Unguja, visiwafundishe mafundi vitufe peke yake. Viwafundishe pia vina na mizani, zamu za dansi, mapambo ya taarab na mvumo wa ilimba. Fundi asiyejua ubeti unaishia wapi atajuaje saksafoni iingie lini? Tatu, kila wimbo kabla haujatolewa usikilizwe na mtu ambaye hakuwepo wakati wa kurekodi, kwa redio ndogo na kwa sauti ya chini, kisha aulizwe swali moja tu: umesema nini?

Akiweza kujibu, na mguu wake ulikuwa ukitikisika alipokuwa akisikiliza, basi ngozi ya ngoma imewambwa sawasawa, na kila mvutaji amepata upande wake.